Mashine Iliyovuta Ubani

Kompyuta ya kwanza niliyoiona kwa macho yangu ililetwa nyumbani kwetu Malindi kwa mkokoteni, imefunikwa shuka la hoteli kama maiti. Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni. Ndugu yangu mdogo alikuwa fundi wa mafriji katika hoteli moja ya ufuoni, na huko alizoeana na Mtaliani mmoja aliyekuwa akichora ramani za nyumba. Mtaliani alipofunga virago kurudi kwao hakutaka kulibeba dude lile. Akamwachia ndugu yangu, na ndugu yangu akaniletea mimi.

Aliniletea kwa sababu nilikuwa mchora leso, hizi kanga za wanawake. Nilikuwa nimeachika na kurudi kwa baba, na riziki yangu ilikuwa kuchora mapindo na maua kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja mmoja, na kumpelekea mfanyabiashara wa nguo wa Mombasa. Kazi ile inataka subira, na mimi Mungu hakunijalia subira. Nikikosea pindo moja karatasi nzima inakwenda jalalani, nami siku hiyo sisemeshwi na mtu.

Basi ndugu yangu aliiweka ile mashine kwenye meza ukumbini, akaiwasha, akanionyesha vidude vya kubonyeza. Nikachora ua la mkarafuu. Nikaona nimelikosea, nikabonyeza, likafutika lisiache hata alama. Nikabonyeza tena, jekundu likawa manjano, manjano likawa zambarau. Nilitoa mkono nikakaa nao mapajani. Niliogopa, nasema kweli. Nilikuwa mtu mzima niliyezaa nikazika, lakini niliitazama ile skrini nikahisi machozi, kwa jinsi rangi zile zilivyokuwa safi. Sikujua mwanadamu amepewa akili ya kufika huko.

Ndugu yangu alinieleza kwamba siri yote iko kwenye ubao mmoja ndani ya mashine, unaoitwa kadi ya picha. Juu ya ubao huo kuna chipu nyeusi, ndogo kuliko kiberiti, na hiyo ndiyo inayogeuza umeme kuwa rangi. Kwa kuwa inafanya kazi kubwa, inapata moto. Yule Mtaliani, kwa kuliogopa joto letu, alikuwa ameifungia kifeni kidogo cha kasi juu yake ili kuipoza. Kikisimama, baada ya muda mfupi maua yanaanza kutawanyika kwenye skrini, kisha yote yanaganda.

Kifeni hicho ndicho kilichotutia mashakani.

Baba alikuwa amelala chumba cha pili, mlango umetiwa pazia tu. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kulia, na sauti yake, iliyokuwa ikisikika toka dukani kwake mpaka msikitini, ilibaki mnong'ono. Alikuwa mwuza nguo tangu ujana wake. Alitembeza leso Mambrui, Kakuyuni, akapanda mpaka Ganze na Adu, na kila mahali watu walimjua kwa sauti kabla hawajamwona. Sasa ilikupasa umwinamie ndipo umsikie.

Tena alikuwa na jambo moja lililomkaa rohoni. Baba yake yeye, babu yetu, alifariki njiani kuelekea Adu, peke yake, hakuna mtu wa kumtamkia shahada sikioni akaifuata. Jambo hilo baba alilibeba maisha yake yote. Tangu aumwe alituambia waziwazi, si mara moja, kwamba kufa hakuogopi, ila anaogopa kufa hivyo. Nami nilimwahidi. Nilimwambia nitakuwapo, na nitamsikia.

Ahadi ni rahisi mdomoni. Nyumbani tulikuwa watatu: baba, mimi, na shangazi, dada yake baba, ambaye masikio yake yalikuwa mazito hata ukimwita jikoni ulipaswa umguse bega. Ndugu yangu alikuwa na nyumba yake na mkewe. Kwa hiyo masikio ya kumsikiliza baba yalikuwa yangu tu, na masikio hayo, kwa kuwa sasa nilichora kwenye mashine kwanza ndipo nikanakili karatasini, mchana kutwa yalikuwa mbele ya kifeni kinacholia. Siku za mwanzo kililia kama nyuki mmoja. Haukupita muda kikawa mzinga mzima. Nikiwa kazini nilikuwa nikiinuka kila mara kwenda kufungua pazia kuangalia, na mara nyingine nilimkuta anasogeza midomo, na sijui kaanza lini.

Ndugu yangu alileta kengele ndogo ya mezani, ile wanayogonga wageni hotelini, akamwekea baba karibu na mkono wa kushoto. Baba aliitazama, akaniashiria nimwinamie. Akaniambia yeye si mgeni wa hoteli, na hajapata kumwita mwanawe kwa njuga. Kengele ikarudi ilikotoka.

Ndipo ndugu yangu akasema tatizo ni kukauka tu, kifeni kinataka mafuta. Akakitia mafuta ya cherehani. Kwa siku chache mambo yakawa mazuri, nikamsifu mpaka akavimba kichwa. Kisha sauti ikarudi na zaidi, yenye mkwaruzo, hata majirani wakauliza kama tumefungua kinu cha kusaga mahindi. Nikamwambia ndugu yangu kwamba kama hivi ndivyo anavyotengeneza mafriji, basi wageni wa hoteli wanakula samaki waliooza. Akacheka, lakini niliona ameudhika. Akasema Ijumaa baada ya swala atakuja kuifungua yote, na ikimshinda tutaizima mpaka tujue la kufanya. Nilikubali. Baba kwanza, maua baadaye. Ingawa nilijua pia kwamba maua hayo ndiyo yaliyokuwa yakimnunulia baba dawa zake.

Ijumaa ile sitaisahau. Tulitandika mkeka pale ukumbini penye mwanga, juu yake leso safi, na ndugu yangu akafungua skrubu za kifuniko moja baada ya moja, akizipanga kwenye kisahani cha kahawa. Akaichomoa ile kadi taratibu, akaishika kingoni kwa ncha za vidole, akailaza juu ya leso. Nilipiga magoti nikaiangalia. Ilikuwa ndefu kama mkono wangu mpaka kiwiko, kijani, na juu yake vijia vya shaba vyembamba kuliko uzi, vikikatana kona, vikipishana, visigusane popote. Nilikuwa nimechora mapindo miaka mingi na nilijiona fundi. Pale nilitambua kwamba kuna mchoraji ambaye sikufikia hata kumshikia kalamu.

Kisha nikasikia harufu. Nilidhani naingia wazimu. Nikainama tena, nikanusa. Ile kadi ilinukia harusi.

Ndugu yangu naye alinusa, tukatazamana. Akakigeuza kile kifeni. Makafi yake yote yalikuwa yamepakwa utandu wa rangi ya kahawia, unaonata, na juu ya utandu vumbi limeganda kama unga kwenye mikono ya mkandaji. Katikati, pale alipotia mafuta ya cherehani, palikuwa pameshonana kabisa. Akakwangua kwa ukucha, akasonga kidonge baina ya vidole, akaniwekea puani. Ubani.

Wakati huo huo shangazi alitokea na sinia ya kahawa. Ndugu yangu alimwinulia kile kidonge. Shangazi akakinusa, uso ukamchangamka, akatueleza yote bila kuona haya, maana hakuona palipo na haya. Tangu mashine ile iingie, watu walikuwa wanakuja kuitazama, wengine kwa wema, wengine na macho yao ya hasadi. Nani angeacha kitu kama kile nyumbani bila kukifukiza? Kila alasiri, nikienda kuoga na kujitayarisha kwa swala, yeye alikuwa akileta chetezo chenye makaa na ubani, akipitisha moshi ukumbini mpaka kwa baba. Siku ya kwanza alishangaa. Moshi ulipofika kwenye vitundu vya mashine haukupanda juu kama moshi wa siku zote. Ulijikunja, ukaingia ndani wenyewe.

"Nikaona inauvuta," alituambia. "Kitu kisichopenda ubani hukimbia. Hiki kinaukaribisha. Nikajua ni kitu cha heri, basi nikawa nakiwekea chetezo pale pale chini ya tundu kishibe."

Sikujua nicheke au nilie. Ulimi wangu ni mwepesi, na maneno yalikuwa yameshafika menoni. Lakini niliutazama uso wake. Yule mama wa miaka mingi, hajui kusoma, alikuwa ameona moshi ukiingia kwenye chuma, akasimama mbele yake na mshangao ule ule nilioupata mimi siku ya ua langu. Tofauti yetu ilikuwa nini? Nikayameza yale maneno, nikapokea sinia.

Ndugu yangu alimkalisha akamweleza kwa mikono zaidi kuliko kwa sauti, jinsi feni inavyovuta hewa na chochote kilichomo hewani. Shangazi alifikiri, kisha akauliza kwa utulivu sasa ubani apeleke wapi. Akaambiwa apeleke uani, mashine ikiwa imezimwa. Akaridhika. Akaongeza kwamba hata hivyo hasadi haikuingia, na hilo hakuna aliyeweza kumpinga.

Kile kifeni kilikuwa hakifai tena. Ndugu yangu alikiweka kando, na hapo nikamwona katika kazi yake. Nilikuwa nimemlea mimi, nilikuwa nimempangusa pua, na sikuwahi kukaa nimtazame akifanya kazi. Alitoa kwenye mfuko wake kipande cha alumini chenye mapezi mengi yaliyosimama, alichokikata kwa msumeno kutoka kwenye amplifaya iliyokufa. Alinieleza huku akikipiga tupa: moto wa chipu utapanda kwenye alumini, utasambaa kwenye mapezi, na hewa itauchukua. Ndivyo nyuma ya friji palivyo, alisema, watu hudhani friji inatengeneza baridi, kumbe inatoa tu joto nje. Kisha akatoa feni nyingine, pana kama kiganja kilichofunguliwa, ya mashine kubwa ya ofisini iliyotupwa.

Nikamwuliza kama feni ndogo inapiga kelele hivi, hiyo kubwa si itatuhamisha nyumba. Akatabasamu. Akanikumbusha mwendo wa pepeo za mkononi. Mtu mwenye upepeo mdogo hupepea mbio mpaka achoke. Mwenye upepeo mpana wa ukili hupepea polepole, na upepo ni ule ule. Feni hii angeifunga kwenye waya wenye umeme mdogo kuliko inaoutaka, izunguke kivivu.

Aliipangusa ile kadi kwa pamba na spiriti, utandu ukatoka kidogo kidogo, nami nilikuwa namgeuzia pamba. Akapaka juu ya chipu dawa nyeupe ya mafundi wa redio, nyembamba mno, ili alumini na chipu vigusane pasibaki hewa katikati. Akaviunganisha kwa mshipi wa nailoni, akiupitisha kwenye matundu ya kadi na kuukaza kwa fundo ambalo wavuvi wa kwetu hulitumia kufungia ndoana. Mikono yake ni mikubwa, ya kushika mafriji. Siku ile ilikwenda kama mikono ya mtu anayemvisha hereni mtoto. Alipomaliza aliipuliza kadi nzima kwa pumzi, akasema bismillahi, akairudisha mahali pake.

Akabonyeza.

Nilisubiri kelele. Skrini iliwaka, maua yangu yakatokea yote na rangi zake, nami nikawa bado nasubiri. Nikaweka sikio kwenye kifuniko. Kulikuwa na kitu, upepo tu, kama pazia linavyosogea. Nikaweka kiganja kwenye tundu nikahisi hewa vuguvugu inatoka, na ndani ya nyumba nikaanza kusikia mambo niliyoyasahau. Nilisikia mtungi wa maji ukidondoka tone uani. Nilisikia kijiti cha ufagio wa jirani. Na nyuma ya pazia nilisikia pumzi za baba, zikiingia na kutoka. Nilikaa pale nikazisikiliza, mwili umenisisimka. Ndugu yangu alikuwa akikusanya vyombo vyake na nilimwashiria anyamaze.

Hapo ndipo baba alipoita. Mnong'ono ule ule, lakini sasa ulinifika nilipokaa.

"Mamangu, umekwenda?"

Baba aliniita hivyo, mamangu, tangu nikiwa mdogo. Nikakimbilia pazia nikamwambia nipo, sijakwenda popote. Uso wake ulikuwa na wasiwasi, na jicho moja limejaa maji. Akasema mashine imenyamaza, naye alikuwa akijua nipo kwa ile sauti. Ilipokuwa inalia alilala akatulia, akijua kwamba binti yake yuko ukumbini anafanya kazi. Iliponyamaza ghafla alijiona ameachwa.

Nilikaa kitandani kwake nikalia. Sikulia kwa huzuni, au si kwa huzuni peke yake. Kelele iliyonikosesha usingizi kwa kuogopa nisimsikie, ndiyo aliyokuwa akinisikilizia yeye. Tulikuwa kila mmoja upande wake wa pazia tunasikilizana, na hakuna aliyejua habari ya mwenzake. Nikamwambia tangu leo nitazungumza. Nikifanya kazi nitazungumza, nawe unijibu ukitaka.

Na ndivyo ilivyokuwa. Nililitoa lile pazia. Nikichora pindo nilikuwa namwambia: baba, pembeni natia bluu, katikati nyekundu. Naye, kwa mnong'ono, alikuwa anajibu. Akaniambia wanawake wa Ganze hawapendi nyeupe nyingi, maana wao wana mwendo mrefu wa kuteka maji na vumbi lake. Wa Mambrui watanunua nyeupe na watakuuliza kama huna iliyo nyeupe zaidi. Akaniambia leso hununuliwa kwa macho lakini hurudiwa kwa maneno yaliyoandikwa chini, na maneno yangu mengi yalikuwa marefu mno. Nilimwambia urefu nimeurithi kwake. Akacheka, na kicheko kile kisichokuwa na sauti niliweza kukisikia.

Tangu nizaliwe nilikuwa sijapata kuzungumza na baba hivyo. Baba wa kwetu huheshimiwa, huamkiwa shikamoo, hupelekewa chakula, na mazungumzo yake ni na wanaume wenzake barazani. Kumbe alikuwa na habari zote zile. Mimi nilikuwa nachora vitu ambavyo yeye alivibeba begani nusu ya umri wake, na tulikuwa hatujawahi kuvizungumzia. Nilikuwa nasimamisha mkono nikasikiliza, na ile feni inazunguka kivivu, na kila siku nilishangaa upya.

Ndugu yangu akija alikuwa anaweka sikio kwenye mashine kwanza, ndipo amwamkie baba. Nilimwambia anamwamkia mtoto wake kabla ya mzazi. Shangazi naye aliapa kwamba haisikii kabisa siku hizi, na sisi tukamwambia ndiyo, shangazi, hata sisi.

Kaskazi ilipokatika baba alianza kudhoofika. Maneno yake yakawa machache, kisha yakawa ndiyo na siyo, kisha nikawa nazungumza mimi peke yangu. Sikuacha. Nilimwambia rangi zote.

Alasiri moja nilikuwa namaliza ncha ya pindo, namweleza kwamba nimelikubali shauri lake, nyeupe nimeipunguza. Pumzi yake ikabadilika. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu aliyepanda ngazi akasimama, akapanda tena. Mtu mwingine yeyote chumbani asingeitambua, na miezi michache nyuma hata mimi nisingeisikia. Niliinuka bila kugusa kitu, nikakaa kichwani kwake, nikamgeuza uso kibla, nikampitisha mkono chini ya shingo. Nikaweka mdomo sikioni mwake nikamtamkia shahada polepole.

Midomo yake ikasogea. Nikainamisha sikio langu mpaka likagusa ndevu zake. Akaifuata. Ilikuwa mnong'ono mwembamba kuliko wote aliopata kuninong'oneza, lakini ulikuwa na herufi zake zote, na nyumba nzima ilikuwa kimya kuupokea. Alipofika mwisho hakusema jingine.

Shangazi alikuja kutoka jikoni akifuta mikono, akasimama mlangoni. Aliniona nilivyokaa akaelewa. Hakupiga ukelele. Aliniuliza jambo moja tu, kwa sauti ya juu kama ilivyo desturi ya viziwi, iwapo baba ametamka.

Nikamwashiria kwa kichwa, kisha nikaona haitoshi, nikamwendea nikamsemea sikioni. Ametamka, shangazi. Nimemsikia.